Bhoke, Mgombea wa Kusindikiza

Bhoke hakuwahi kutaka kuongoza kitu chochote kikubwa kuliko karasha lake. Lilikuwa karasha moja la kusaga mawe ya dhahabu, limefungwa chini ya paa la mabati pembezoni mwa Bugarama, na kelele yake ilikuwa kubwa kiasi kwamba wateja walizoea kuelewana naye kwa mikono. Mimi nauza magogo ya kuegemezea kuta za maduara, yaani mashimo ya kuchimbia dhahabu, na banda langu linatazamana na lake, kwa hiyo mengi ya haya niliyaona mwenyewe. Mengine alinisimulia yeye, siku alipokuwa na nafasi ya kusimulia.

Ni mwanamke mrefu, mkavu, asiyepandisha sauti hata akikasirika. Alikuja huku kutoka Tarime akiwa bi harusi, akimfuata mumewe Chacha aliyekuwa anachimba kwenye duara la watu. Walikaa vizuri, wakapata binti, Loveness. Halafu duara likatitia Chacha akiwa chini. Akazikwa kwao Tarime, na wengi wetu tulijua Bugarama haitamuona Bhoke tena. Matanga yalipokwisha akarudi na mtoto mgongoni na godoro kichwani. Hakueleza kwa nini, wala hatukumuuliza.

Aliyemsaidia kusimama alikuwa Donatus Mihayo. Donatus ni Msukuma wa Didia, mtu mnene mwenye kicheko kinachosikika kabla hajaonekana, na ndiye aliyefungwa kamba kiunoni akashuka kwenye lile duara kumtoa Chacha, wakati wachimbaji wengine walikuwa wanaogopa hata kusogea mdomoni mwa shimo. Baadaye alimtafutia Bhoke eneo la kuweka karasha, akamsemea kwa wenye mawe. Mke wake, Eunice, aliimba kwaya moja na Bhoke kanisani. Wanawake hao wawili walikuwa wakipishana kwenye majiko yao kama watu wa nyumba moja. Ungemuuliza Bhoke nani ndugu yake huku ugenini, angekutajia Baba Davis na Mama Davis, yaani Donatus na Eunice, kabla hajakumbuka mtu wa damu yake.

Sasa, Donatus alikuwa Rais. Si rais wa nchi. Ni Rais wa Umoja wa Wachimbaji Wadogo wa kanda yetu, unaounganisha watu wa Shinyanga na wa Geita. Cheo hicho alikishika kwa muda mrefu, na kila mara alichaguliwa na wajumbe, ambao karibu wote walikuwa wenye maduara. Walikutana ukumbini Kahama, wakala pilau, wakanyoosha mikono, wakarudi nyumbani. Wanachama wa kawaida walilalamika miaka na miaka, na mwishowe katiba ikabadilishwa: kila mwenye kadi ya Umoja atampigia Rais kura yake mwenyewe, kwa siri, hapo hapo anapofanyia kazi. Donatus ndiye aliyeyatetea mabadiliko hayo kwa nguvu kuliko wote. Aliamini watu wanampenda, na hakuona sababu ya kupitia kwa wajumbe kuthibitisha hilo.

Kilichomkwaza ni kipengele kimoja. Katiba mpya ilisema mgombea akiwa mmoja tu uchaguzi hauwezi kufanyika. Na nani angesimama kushindana na Donatus? Mnunuzi mmoja wa dhahabu wa upande wa Geita alijitokeza, kisha akajitoa akisema presha imempanda. Hakujitokeza mwingine. Siku za kuwasilisha majina zilikuwa zinayoyoma.

Basi Jumamosi moja Donatus alikuja kwa Bhoke, akamfanyia ishara azime mashine. Niliona mambo yote toka bandani kwangu, na maneno nikayapata baadaye.

“Mama Loveness, nisaidie jambo moja,” alisema. “Gombea.”

“Nigombee nini, Baba Davis?”

“Urais. Unisindikize tu. Jina lako liwepo pale, uchaguzi ufanyike, yaishe.”

Bhoke alicheka hadi akashika nguzo. Alimwambia yeye ni mwanamke, tena Mkurya, mtu wa kuja, nani atamchagua? Donatus akajibu kwamba hiyo ndiyo sababu yenyewe, kisha akagundua alivyosema, na wote wawili wakacheka tena. Bhoke hakuona ubaya wowote. Mtu aliyeshuka kwenye duara kumtolea mumewe angemnyimaje jina? Alikubali papo hapo, akamhakikishia kwamba hata kura yake mwenyewe atampa yeye.

Kampeni ilikuwa ndogo. Kila sehemu wagombea walitakiwa kusimama mara moja mbele ya wanachama, na kwetu mkutano ulifanyika kwenye uwanja wa soko. Donatus alizungumza kwanza. Alizungumza vizuri, maana hiyo ndiyo karama yake: barabara ya kwenda machimboni, umeme, leseni zinazochelewa. Watu walipiga makofi, wengine wakapuliza mavuvuzela, na vijana waliovaa fulana zenye picha yake wakacheza mbele ya jukwaa.

Ikafika zamu ya Bhoke. Alikuwa amejiandaa kusema sentensi moja tu, kwamba mpigieni Donatus. Lakini Mzee Amosi, mwalimu mstaafu aliyesimamia uchaguzi, alikuwa amemwonya chini ya jukwaa kwamba mgombea haruhusiwi kumpigia kampeni mpinzani wake. Basi Bhoke akasimama pale na kipaza sauti mkononi, hana la kusema. Alitazama watu, watu wakamtazama. Wale vijana wa fulana wakaanza kuguna.

Bibi mmoja anayebeba mawe, Mbuke, aliyekaa chini mbele kabisa, akamuuliza kwa sauti, “Mayu, wewe mwenyewe unataka nini?”

Mayu ni mama kwa Kisukuma. Alimuuliza kwa upole, kama mtu anayemsaidia mwenzake aliyekwama. Na Bhoke, kwa kuwa aliulizwa, akajibu.

“Mimi sina ahadi,” alisema. “Duara lilipotitia mume wangu akiwa chini, sisi wake za watu na mama zao tuliwekwa pembeni. Kila tukiuliza tunaambiwa hali ni shwari, uokoaji unaendelea. Nikaona nisikae bure, nikawa nawapelekea chai waliokuwa wanafukua. Siku iliyofuata nimesimama jikoni kwa mama lishe namimina chai, redio ikasoma majina ya waliokufa. Chacha akasomwa wa kwanza. Kufa kupo, sikatai. Ila nilitaka niambiwe na mtu. Mtu amesimama mbele yangu, ananitazama. Umeniuliza ninataka nini, bibi. Ninataka hilo.”

Akarudisha kipaza sauti, akashuka.

Hakuna aliyepiga makofi. Nilikuwa nimesimama katikati ya watu na nakumbuka jinsi uwanja ulivyonyamaza, hata mavuvuzela yakashushwa. Mwanamke aliyekuwa mbele yangu alijifunika uso kwa khanga. Mbuke alibaki pale pale chini akitikisa kichwa polepole, akasema “wabeja,” neno la kushukuru, lakini kwa sauti ndogo kama anajiambia mwenyewe. Jukwaani Donatus alikuwa anatazama viatu vyake.

Bhoke alidhani amejiaibisha. Walipokuwa wanarudi alimfuata Donatus, akamwambia kama ameyasema vibaya amsamehe, hakumkusudia yeye. Yeye ndiye aliyemtoa mumewe, hawezi kusahau. Donatus akamjibu hajakosea kitu, akaongeza mwendo.

Kilichofuata Bhoke hakukielewa hadi mwisho. Watu walikuwa wamerekodi maneno yale kwa simu, na yalisambaa. Yalifika Nyahanga, yakavuka hadi machimbo ya Geita, yakasikilizwa kwenye mialo wanakoosha mchanga wa dhahabu na kwenye vibanda vya mama lishe. Wanawake wasiomfahamu walianza kuja kwenye karasha lake. Hawakuleta mawe. Walimpa mkono, wengine wakataja jina la mume au la mtoto, wakaondoka. Bhoke aliniambia watu wanampa pole ya Chacha, imechelewa lakini anaipokea.

Wala sisi wengine hatukuwaza zaidi ya hapo. Tulikuwa tumesahau kwamba wakati wa wajumbe waliohesabika walikuwa wenye maduara, lakini kadi ya Umoja anayo kila mtu: mbeba mawe, muosha mchanga, mponda mawe, mama lishe. Miaka yote walikuwa wanachama na hakuna aliyewahi kuwauliza kitu.

Siku ya kura nilipanga foleni tangu asubuhi. Wanawake walikuja moja kwa moja kutoka kazini, tope limewakaukia miguuni, hawapigi soga. Hilo lingetosha kunifumbua macho, maana foleni ya wanawake isiyo na soga si jambo la kawaida kwetu. Lakini nami nilikuwa nawaza magogo yangu. Bhoke alipiga kura yake, akatoka anatabasamu, akarudi kusaga mawe. Alimpigia Donatus, kama alivyoahidi.

Matokeo yalisomwa siku iliyofuata mchana, nami nikiwepo, kwenye ukumbi mmoja wa Nyahanga, Kahama. Bhoke alikwenda kwa sababu mgombea alitakiwa awepo, naye alikusudia kuwa wa kwanza kumpa Donatus mkono. Alivaa gauni lake la kwaya. Donatus alikuja na msafara. Nyumbani kwake Bugarama masufuria yalikuwa yameshakodiwa na ng'ombe dume amefungwa nyuma ya nyumba anasubiri siku yake.

Mzee Amosi alianza na machimbo ya mbali ya upande wa Geita. Aliposoma kituo cha kwanza watu walicheka. Walidhani amepindua majina. Yeye mwenyewe alivua miwani, akaifuta, akasoma upya, na ikawa vile vile: Bhoke ameongoza, tena kwa mbali. Mwenye duara mmoja nyuma yangu akasema huko wamekosea kuhesabu. Kikasomwa kituo cha pili. Cha tatu. Hakuna aliyecheka tena. Nilimtazama Donatus, alikuwa bado anatabasamu, lakini tabasamu lilikuwa limebaki usoni peke yake, macho hayakuwemo.

Vituo vya Kahama navyo vikaenda hivyo hivyo. Ukumbini vilisikika viti tu, watu wakigeuka kutazamana. Mwisho ikasomwa Bugarama, kwetu, nyumbani kwake Donatus, mahali ambapo kila kijana alikuwa na fulana yenye picha yake. Bugarama ilimpa Bhoke kura mara mbili ya za Donatus.

Nilimuona Bhoke akimgeukia mwanamke aliyekaa jirani naye. Baadaye nikajua alimuuliza, “Wamesoma jina la nani?” Yule mwanamke alimshika tu mkono. Wengine walianza kupiga vigelegele, lakini vilikatika vyenyewe, kwa sababu mtu waliyekuwa wanampigia alikuwa amekaa kama aliyemwagiwa maji, mdomo wazi, hatikisiki. Nimeona watu wakipata taarifa za msiba. Sura yake ilikuwa hiyo.

Donatus alisimama, akaenda hadi kwake, akampa mkono. Bhoke anasema mkono ule ulikuwa baridi kama chuma cha asubuhi. Donatus akageuka. Akatoka kwa mlango wa pembeni na nusu ya ukumbi ikamfuata.

Bhoke alimwendea Mzee Amosi pale pale mezani. Alimwomba afute.

“Mimi nilikuwa nasindikiza tu,” alimwambia.

“Binti yangu,” Mzee Amosi akamjibu, “kwenye karatasi ya kura hakuna msindikizaji. Kuna mgombea.”

Alimweleza kwamba anaweza kujiuzulu kwa maandishi akitaka, na hapo uchaguzi utarudiwa. Bhoke akashukuru kama mtu aliyeonyeshwa njia ya kutokea. Alirudi Bugarama siku ile ile. Aliniambia alikuwa anajiona mwizi. Amemuibia mtu mwema kitu chake, tena kwa maneno ambayo hakuyapanga.

Asubuhi alikwenda kwa Donatus. Alitaka amwambie ana kwa ana kwamba anajiuzulu, ili Donatus arudi kwenye kiti chake. Alipita nyuma ya nyumba kama alivyozoea. Yule dume alikuwa bado amefungwa pale, anatafuna majani, na masufuria yamepangwa matupu ukutani. Eunice alikuwa jikoni peke yake. Hakuinuka kumpokea. Alimwonyesha kigoda, Bhoke akakaa, akaeleza lililomleta.

Eunice alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamwambia asijiuzulu.

“Mimi mwenyewe nilikupigia wewe,” akasema.

Bhoke alidhani hajasikia sawasawa. Eunice akarudia. Na kabla Bhoke hajapata neno, akaendelea, macho yake kwenye moto.

“Siku lile duara lilipotitia, Baba Davis alirudi hapa alfajiri kubadili nguo. Akaniambia Chacha amekufa. Alikuwa amemgusa, ameshapoa. Nikasema basi twende tukamwambie mke wake, akanikataza. Mchana nikakuona unapita na birika la chai. Kesho yake nikakuona tena. Nikanyamaza. Nimenyamaza miaka yote hii, tunaimba wote, tunapika wote, mpaka uliposimama pale uwanjani ukasema. Usiku ule sikulala.”

Bhoke ananiambia hakuhisi hasira wala uchungu wakati ule. Alianza kuwaza vitu vya ajabu: kwamba siku ile alimuwekea Chacha chakula akakifunika, kwamba alimwomba Mungu amtoe mzima, akaomba na kesho yake tena, na yule anayemuombea alikuwa amekwisha kupoa. Alikuwa akimpa Donatus kikombe cha chai kwa mikono miwili na kumuuliza vipi huko chini, na Donatus akanywa, akamwambia hali ni shwari.

Mlango wa ndani ukafunguka. Donatus alikuwa amesikia. Alisimama mlangoni akiwa na shati la ndani, hajanyoa, na kwa mara ya kwanza Bhoke akamuona ni mzee.

Hakukana. Alieleza kwamba kulikuwa na wachimbaji wawili bado hai, wamebanwa upande wa pili, wanagonga jiwe. Udongo wa juu ulikuwa umelegea. Mwanamke mmoja angepiga yowe, watu wote wangekimbilia mdomo wa duara, na kishindo chao kingewazika wale wawili na waokoaji pamoja nao. Alifanya lile la kuokoa waliobaki. Na kweli walitoka wazima, mmoja wao ni Mwigulu ambaye sote tunamjua, ana watoto sasa.

“Ningekwambia, ungenyamaza?” akauliza.

“Hukunipa nafasi ya kujaribu.” Bhoke alisema hivyo, kisha akafikiri. “Na walipotoka hao wawili? Walitoka mchana ule ule. Mimi nilikuwepo, nilipiga vigelegele. Baada ya hapo nani alikukataza?”

Donatus alishika fremu ya mlango. Eunice aliacha kuchochea moto.

“Hakuna aliyenikataza,” Donatus alisema mwishowe. “Nilikuwa nimechoka, Mama Loveness. Niliogopa uso wako.”

Bhoke akainuka. Hakumtukana, hakulia. Aliaga kwa adabu, akasema anakwenda kazini, akatoka kwa mlango wa mbele, yeye ambaye kwa miaka yote alipita wa nyuma.

Nilikuwa bandani alipofika. Nilimsalimia, hakunisikia. Aliwasha karasha. Karasha lenye mawe lina mlio wake na karasha tupu lina mlio wake, mkali, wa chuma kwa chuma, na mtu wa huku anautambua hata akiwa mbali. Liliunguruma tupu siku nzima. Wateja walikuja na viroba vyao vya mawe, wakamuona alivyosimama, wakarudi navyo. Nilivuka barabara nikamfanyia ishara azime, litaharibika. Alinitazama kama hanijui. Jioni mafuta yakaisha, likazima lenyewe, naye akafunga banda, akaenda nyumbani.

Hakujiuzulu.

Kelele zilikuwepo. Wenye maduara kadhaa walisema afadhali wajitoe kwenye Umoja kuliko kuongozwa na mwanamke kutoka Tarime anayesaga mawe. Wengine walitaka Donatus apinge matokeo, wakamwahidi wakili. Siku ya kuapishwa sote tuliingia ukumbini tukiwa na wasiwasi, hatujui kama atakuja kukabidhi ofisi au atakuja kuvuruga. Alikuja. Aliweka funguo mezani mbele ya Bhoke, akawageukia wenzake, akawaambia ameshindwa kwa kura halali na anayetaka kujitoa ajitoe bila kulitaja jina lake. Kisha akaketi mstari wa nyuma, kama mwanachama yeyote. Nilitegemea Bhoke amshukuru hadharani. Alimwinamishia kichwa tu.

Jambo la kwanza alilolipeleka kwenye kikao lilikuwa fupi. Duara likititia, kabla ya redio, kabla ya viongozi wa wilaya, kabla ya yeyote, awepo mtu aliyeteuliwa ambaye kazi yake ni kukaa na ndugu wa walio chini na kuwaambia kinachojulikana. Kama hakijulikani, awaambie hakijulikani. Wenye maduara walibisha sana. Walitoa sababu ile ile ya Donatus, kwamba watu watakimbilia mdomoni. Ikabidi apatikane mtu wa kujibu kitaalamu, na aliyenyoosha mkono kutoka mstari wa nyuma alikuwa Donatus. Alieleza jinsi ya kuzungushia kamba, ndugu wakae umbali gani, nani azuie njia. Alisema linawezekana. Hakusema zaidi, lakini baada ya hapo ubishi ukapungua na azimio likapita.

Bhoke alimwomba pia awe kiongozi wa kikosi cha uokoaji cha kanda nzima, kwa kuwa hakuna anayeyajua maduara kama yeye. Nilishangaa, nikamuuliza aliwezaje. Akanijibu kwamba watu walio chini hawaulizi nani alimdanganya nani huko juu. Donatus alikataa kwanza. Aliendelea kukataa hadi mvua za kwanza zilipoanza, na siku moja akatokea ofisini na kamba begani, akauliza kikosi kinakutana wapi.

Wanafanya kazi pamoja sasa. Kwenye vikao Donatus anamwita Rais, naye anamwita Baba Davis kama zamani. Lakini Bhoke hajaingia tena nyumbani kwa Donatus. Eunice ndiye anayekuja kwa Bhoke, na majuma ya mwanzo walikuwa wanakaa wakichambua mchele bila kuongea, kisha taratibu maneno yakarudi. Kwaya wanaimba pamoja.

Lililobaki lilikuwa Loveness, ambaye anasoma bweni Shinyanga. Bhoke hakutaka mtoto ayasikie ya baba yake kwa watu, maana Bugarama hakuna siri ya kukaa, nasi majirani tulikuwa tumeshaanza kunong'ona. Alipanda basi akaenda, akaomba ruhusa kwa walimu, wakakaa wawili kwenye benchi nje ya bwalo. Alimweleza yote: chai, redio, alichosema Eunice, alichosema Donatus mlangoni.

Baba Davis ndiye aliyempeleka Loveness shuleni hapo siku ya kwanza, akambebea sanduku lake kichwani huku wanafunzi wengine wakicheka. Mtoto alikuwa amekunja pindo la sketi yake vidoleni, analikunja na kulikunjua.

“Unamsalimia?” akauliza.

“Namsalimia.”

“Na mimi nikija likizo, nimsalimie?”

Bhoke alimwambia kwamba hajui, atakapokuja wataangalia. Kengele ya chakula ikalia, mtoto akamshika mkono mama yake, na hakuinuka.